UZI: Dar tukitaka kupunguza hewa ukaa, pa kuanzia ni jikoni na kwenye LUKU ya kuchangia (mita moja ya kulipia umeme kabla, wapangaji wote)

#1 mkazi_wa_mabibo (mleta mada)

Habari za leo wakuu,

Kila ukiibuka mjadala wa tabianchi hapa mjini naona watu wanakimbilia sola juu ya paa na magari ya umeme ya bei mbaya, na naelewa kwanini, ndio vitu vinavyopendeza kwenye picha. Mimi nina hoja moja tu na ntaieleza kwa urefu maana imenikaa rohoni muda mrefu. Umeme wa nchi hii kwa sasa sehemu kubwa unatokana na maji. Kwahiyo Dar haina shida kubwa ya kutafuta umeme msafi, shida yake ni kwamba huo umeme haufiki pale ambapo bado tunachoma mkaa na dizeli, yaani jikoni na barabarani. Na jikoni kinachozuia wengi wanasema ni mazoea ya akina mama, mimi nasema ni mita.

Nianze na umeme wenyewe. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mashine tisa, kila moja megawati 235, jumla MW 2,115. Ya kwanza iliingia kwenye gridi Februari 2024 na mpaka 2025 zote tisa zikawa zimekamilika. Kabla ya hapo Dar ilikuwa inaishi kwa gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay inayochomwa kwenye vituo vya umeme vya Ubungo na Kinyerezi, na mgao wa mwishoni mwa 2023 hakuna aliyeusahau. Sasa angalieni kilichofuata, Machi 2024, bwawa likiwa ndio kwanza limeanza, ikatangazwa kwamba vituo vitano vya umeme wa maji vimezimwa kwa muda sababu umeme umezidi mahitaji! Mwaka huo nchi nzima, hata ile saa ya jioni ambapo kila mtu kawasha kila kitu, matumizi yalikuwa hayajafika MW 2,000. Yaani umeme upo mpaka unazimwa, na usiku huohuo malori ya mkaa yanaingia mjini kupitia Kilwa Road na Morogoro Road kama kawaida.

Mkaa sasa. Benki ya Dunia mwaka 2009 ilikadiria nchi inatumia kama tani milioni 1 za mkaa kwa mwaka na karibu nusu yake inaishia Dar. Hiyo ilikuwa 2009, sensa ya 2022 imetukuta tuko 5,383,728. Watu wakisikia hivyo wanafikiria moshi wa jiko la pale uani, kumbe sehemu kubwa ya uharibifu imeshatokea kabla gunia halijafungwa. Tanuri la kienyeji, lile la kupanga magogo na kufunika majani na udongo, linakula kilo 5 mpaka 10 za kuni ili litoe kilo moja ya mkaa, kinachobaki kinapotea hewani na ndani yake kuna methani ambayo inabana joto kuliko hewa ukaa yenyewe. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi hapo Kisarawe ni ushahidi, ilikuwa mlangoni kwetu, tukaimaliza kwanza tukahamia Rufiji, Kilwa, Morogoro.

Na hapo kuna kitu kinachoniuma zaidi. Miti inayokatwa Morogoro na kwenye mabonde ya Kilombero na Ruaha ndio inayoshikilia maji yanayoshuka Rufiji. Tunakata mti unaolinda mto unaozungusha mashine zinazotuletea umeme, ili tupikie mkaa, kwasababu umeme tunauona ghali.

Je ni ghali kweli? Hapa ndio naomba mnisome taratibu.

Presha kuka ya umeme ya lita 6 ina wati 1,000 hivi. Maharage makavu ndani ya saa moja yameiva, na karibu nusu ya muda huo inakuwa haivuti umeme kabisa kwasababu ikishafikia presha inajizima na kujiwasha. Kwa kawaida inatumia kama nusu unit (unit moja ni wati 1,000 kwa saa moja). Kwa tarifu ya kawaida, ile ya Sh 292 kwa unit ambayo ukiweka kodi na tozo inafika kama Sh 356, maharage yako yameiva kwa chini ya Sh 200. Nani hapa anaivisha maharage kwa mkaa wa Sh 200? Na kama upo kwenye lile kundi la matumizi madogo, unit 75 za kwanza kwa mwezi ni Sh 100 kila moja, ukiweka makato kama Sh 122, maharage yanakugharimu kama Sh 60.

Sasa kwanini watu hawapiki kwa umeme? Kwasababu Dar ni mji wa wapangaji. Nyumba ina vyumba sita, kila chumba familia, na LUKU ni MOJA. Kila mpangaji akitumia unit 25 tu za taa, redio, feni na kuchaji simu, mmeshafika 150, mmeshatoka kwenye bei ya chini, wote mnalipa 356. Maskini wanalipa bei ya mtu mwenye AC kwasababu tu wamejumlishwa kwenye mita moja. Wangekuwa na mita zao, mtu mwenye unit 25 akaongeza unit moja kwa siku ya kupikia anakuwa na 55, bado yuko chini ya 75, mwezi mzima kama Sh 6,700 taa na mapishi. Kwenye mita ya kuchangia unit hizohizo 55 ni zaidi ya Sh 19,000. Na hapo hujahesabu ugomvi, maana umeme wa kuchangia kila mtu anahisi jirani yake anamla.

Kwahiyo mpangaji anafanya kitu cha akili kabisa, anaenda dukani ananunua mkaa wa kopo, anajua ametumia kiasi gani na hakuna wa kumuuliza. Mnaosema akina mama wa uswahilini hawataki kubadilika, kaeni kwanza kwenye nyumba ya wapangaji sita mwezi mmoja.

Naomba michango, ya barabarani ntaileta chini.

#2 mpangaji_tandale

Mkuu umenena. Kwetu mwenye nyumba kapiga marufuku pasi, hita na jiko la koili. Friji unaruhusiwa ila unaongeza hela kila mwezi. Dada mmoja chumba cha mwisho alinunua presha kuka akawa anapika usiku kimyakimya, LUKU ikakata mapema kuliko kawaida, ikawa kesi mpaka kwa mjumbe. Ameiuza. Amerudi kwenye mkaa na watoto wawili, chumba kimoja, mvua ikinyesha jiko linaingia ndani.

#3 mkazi_wa_mabibo

Mvua ikinyesha jiko linaingia ndani, hiyo sentensi ingeandikwa kwenye kila mpango wa nishati wa mji huu. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na kila msimu wa mvua na baridi tunasikia watu wamelala na jiko ndani hawakuamka.

Poleni sana na mpe pole huyo dada. Ndio maana nasema mita. Kuunganishiwa umeme mjini kwa njia moja bila nguzo, bei iliyorudi Januari 2022 ni Sh 320,960. Mwenye nyumba wa vyumba sita mwenye mita moja atoe kama milioni 1.6 za mita tano zaidi ili wapangaji wake wapikie umeme, atazitoa kwa faida ipi? Serikali imegawa mitungi ya gesi kwa ruzuku na ni jambo jema, lakini ningepewa niseme neno moja tu ningesema ruzuku kama hiyo iende kwenye mita ya pili, ya tatu na ya nne kwenye nyumba za kupanga Dar. Au kama mita ni gharama sana basi nyumba yenye wapangaji sita ihesabiwe kama familia sita, kiwango cha unit 75 kizidishwe mara sita. Hiyo haihitaji hata waya, ni kubadilisha mpangilio kwenye kompyuta.

#4 mama_lishe_buguruni

Kaka yangu maneno mazuri lakini mimi napika wali sufuria kubwa, maharage ndoo nzima, samaki wa kukaanga, supu, yote kabla ya saa nne asubuhi. Hako kajungu ka lita 6 kanisaidie nini? Na umeme ukikatika saa kumi na moja alfajiri wateja wangu wa kiwandani wanakula nini?

#5 mkazi_wa_mabibo

Dada yangu swali lako ni la msingi na siwezi kukudanganya kwamba utaacha mkaa wote kwa umeme kesho. Kwako naona hivi: kinachokula mkaa mwingi ni maharage, supu na makongoro, vitu vya kuchemka masaa. Hivyo ndio vya kuhamisha kwanza, zipo presha kuka kubwa za lita 12 na zaidi, unatumbukiza usiku unalala yanaiva yenyewe, alfajiri unaunga tu. Wali na kukaanga weka gesi ya plate kubwa. Gesi ya mtungi nayo ni mafuta ya ardhini na inakuja kwa meli, sio safi kabisa, lakini ukilinganisha na mkaa wa tanuri la udongo ni nafuu kubwa, kwa mapafu yako kwanza halafu kwa msitu.

Na kuna nafasi ambayo Dar tunaiacha. Gesi asilia ya Songo Songo inafika hapa mjini kwa bomba toka 2004, na nyumba chache za Mikocheni, Sinza, Mlalakuwa na maeneo ya Chuo Kikuu zimeshaunganishiwa mpaka jikoni. Kwanini mabomba hayo yasianzie kwenye masoko? Buguruni, Mabibo, Ilala, Temeke Stereo, pale mama lishe wamekaa pamoja na wauza chipsi wamepangana, bomba moja linahudumia mamia ya majiko yanayowaka toka alfajiri mpaka usiku. Bomba la kwenda kwenye nyumba ya mtu mmoja anayechemsha chai mara mbili kwa siku halikupi matokeo hayo.

Halafu taasisi zilishaambiwa, zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa mwisho Januari 2024. Na mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unasema asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Mama lishe anayelisha watu sabini hayupo kwenye agizo la taasisi, na wala sitaki awekewe agizo, nataka awekewe bomba.

#6 mzalendo_halisi

Samahani mleta mada lakini kwanini sisi? Waliochafua dunia ni Marekani, Ulaya na China na viwanda vyao, sisi hata asilimia moja hatufiki. Leo mtu wa Tandale anayepikia kopo la mkaa ndio aokoe barafu ya huko kaskazini?

#7 mkazi_wa_mabibo

Mkuu kwenye lawama niko na wewe moja kwa moja, sisi mchango wetu ni mdogo mno na waliotajirika kwa makaa ya mawe wanatudai kitu ambacho wao hawajakilipa. Tanzania yenyewe iliahidi mwaka 2021 kupunguza kati ya asilimia 30 na 35 ukilinganisha na hali ambayo ingekuwepo mwaka 2030 bila kufanya lolote, na hiyo inategemea sana fedha kutoka nje. Wadaiwe, tena kwa sauti.

Ila hebu toa dunia pembeni. Mafuriko ya Desemba 2011 yalipowatoa watu Jangwani wakapelekwa Mabwepande, yaliwatoa watu wetu. Karakana ya mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake, pale Jangwani imejaa maji mara ngapi? Mama anayekohoa ni mama yetu. Foleni ya Ubungo mtu anatoka kazini saa kumi na moja anafika Kibamba saa tatu usiku watoto wamelala, ile dizeli inayoungua basi likiwa limesimama tumeinunua kwa dola. Hata kama hewa ukaa isingekuwa na madhara yoyote duniani mimi bado ningetaka haya mambo yafanyike.

#8 bajaji_tazara

Tuongelee barabarani basi. Mimi bajaji yangu niliifunga mfumo wa gesi, hela ya mafuta imepungua sana sitanii. Tatizo foleni ya kujaza, unaweza kukaa masaa, abiria wanapita unawaangalia. Vituo vichache. Na hizi bajaji za umeme nimeziona mjini zimeanza, je zinahimili? Betri ikifa?

#9 mkazi_wa_mabibo

Hongera kwa kufunga, na pole kwa foleni. Gesi asilia kwenye injini inapunguza hewa ukaa kama robo hivi ukilinganisha na petroli, na moshi mweusi karibu hakuna. Ni ya kwetu, haitumii dola. Kwa basi na lori naiunga mkono kwa miaka hii. TPDC, shirika la serikali la mafuta na gesi, wamejenga kituo mama (kituo kikubwa cha kujazia gesi kinacholisha vidogo) pale Sam Nujoma karibu na Chuo Kikuu, ni hatua, ila mji huu unaenda mpaka Bunju, Chanika, Mbagala na Kigamboni, kituo mama kinatakiwa kiwe na watoto.

Kwa bajaji na bodaboda lakini naamini mwisho wa safari ni umeme, na sababu ni ya hesabu. Mota ya umeme inageuza sehemu kubwa ya umeme kuwa mwendo, injini ya petroli sehemu kubwa inapotea kama joto, ndio maana ukishuka mguu unaungua. Na wewe dereva wa Tazara hutembei Dar–Mbeya, unazunguka palepale, betri ndogo inatosha. Hofu yako ya betri kufa ni halali kabisa, betri ni sehemu kubwa ya bei ya chombo. Jibu lake ni betri isiwe mali yako: unafika kituoni unaacha iliyoisha unachukua iliyojaa unalipia chaji tu. Kigali na Nairobi wanafanya hivyo na bodaboda. Hapa tunahitaji halmashauri ziseme vituo hivyo vitakaa wapi, stendi zipi, na betri za kampuni tofauti ziingiliane, isije ikawa kama chaja za simu za zamani.

Kubwa kuliko yote ni mwendokasi. Kimara–Kivukoni ilianza Mei 2016 na mwaka 2018 Dar ikachukua tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, mji wa kwanza Afrika kuipata. Tulistahili. Njia imejengwa vizuri, tatizo limekuwa mabasi kutotosha, watu wanabanana mpaka mwenye uwezo anaamua kununua kigari chake cha Japani, na kila anayeamua hivyo tumempoteza. Mbagala mabasi ni ya gesi, vizuri. Awamu ya tatu Gongo la Mboto na ya nne ya kwenda Tegeta zikikamilika ndio nafasi ya kuweka mabasi ya umeme, kwasababu basi la mwendokasi njia yake inajulikana, kituo chake kinajulikana, usiku linalala karakana moja na wenzake. Hakuna gari rahisi kuchaji kama hilo. Dakar ya Senegal wamefungua mwendokasi wao 2024 na mabasi yote ni ya umeme, kilomita 18 na kitu. Sasa Dakar umeme wao mwingi unatokana na mafuta, sisi tuna Rufiji! Sisi ndio tungetangulia.

Na msisahau kwamba tumeshaonja. Treni ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, inatumia umeme, imeanza kwenda Morogoro Juni 2024 na Dodoma kabla miezi miwili haijapita, watu wameikubali wenyewe bila semina. Ukishuka tu pale stesheni Dar unarudi kwenye daladala inayotoa moshi kama tanuri.

#10 chanika_juu

Mnaongelea magari ya umeme huku Chanika jioni taa inakuwa nyekundu kama kiberiti, friji halianzi. Mkiwasha na presha kuka si ndio transfoma italipuka kabisa.

#11 mkazi_wa_mabibo

Mkuu umegusa penyewe. Umeme kuwepo Rufiji na umeme kufika Chanika, Kivule, Goba au Mbagala ndani ndani ni mambo mawili. Mji umekua kwa viwanja vya mita ishirini kwa ishirini kuelekea porini, waya ukavutwa nyuma yake, mmoja anaunganisha kwa mwenzake mpaka nyumba ya mwisho inapata umeme uliochoka. Ndio maana hela kubwa inayotakiwa sasa ni ya vituo vya kupoza umeme, transfoma na nyaya nene mitaani. Haina utepe wa kukata ikavutia kamera lakini bila hiyo mashine tisa za Rufiji zitakuwa zinazungukia wengine.

Kitu kimoja cha kutia moyo, presha kuka haivuti kama jiko la koili. Koili mbili ni wati 2,000 muda wote unapika. Presha kuka ni 1,000 kwa muda wa mwanzo tu na kisha kidogo kidogo. Na maharage sio lazima yapikwe saa moja jioni wakati kila mtu kawasha TV, unaweza kuyapika mchana au usiku wa manane.

Kuhusu mvua, kuna mtu kaniuliza PM, je kiangazi kikikaza? Ni kweli, bwawa lolote ni mtumwa wa mvua, na hata hilo la Rufiji halikusanifiwa kuzalisha MW 2,115 mwaka mzima, makadirio yake ni kama GWh 5,920 kwa mwaka, ambayo ni kama theluthi moja ya uwezo wa mashine zikiwashwa muda wote. Kinyerezi haitafungwa na isifungwe, ibaki ya kusaidia mwaka mbaya. Na hapo sasa ndio sola inapata nafasi yake, jua linawaka zaidi wakati mvua hakuna. Kanuni za mtu mwenye sola kuingiza umeme wa ziada kwenye gridi zipo toka 2018. Ningeanza na mapaa makubwa, maghala ya Pugu Road, masoko, shule, hospitali, sio kibati cha mpangaji.

Hizo ghorofa za vioo za Posta na Upanga nazo zinachukua AC kutwa nzima, jua la Dar likipiga kioo ndani panakuwa tanuri na unalipoza kwa umeme. Nyumba za zamani za pale pale mjini zilikuwa na varanda, dari refu na madirisha yanayotazamana upepo wa bahari. Kibali cha ujenzi kingeweza kuuliza swali moja: kivuli kiko upande gani?

#12 gunia_na_kisado

Mimi nauza mkaa, watoto wangu wanasoma kwa mkaa. Mnapanga mambo yenu kama sisi hatupo.

#13 mkazi_wa_mabibo

Mkuu upo na nashukuru umeandika. Mnyororo wa mkaa una mchomaji kijijini, mpakiaji, dereva, wa jumla, wa kisado, watu wengi sana, na mtu anayesema upigwe marufuku kesho hajui anachosema. Ikipigwa marufuku unapanda bei tu na unapita usiku.

Kilosa kuna vijiji vilianza toka 2012 kuvuna mkaa kwa mpango, msitu wa kijiji unagawanywa vitalu, wanakata kitalu kimoja wanakiacha kichipue miaka mingi, ushuru unajenga shule na zahanati. Mkaa wa namna hiyo uwe ndio unaoruhusiwa kuingia Dar, na ule wa kukwangua msitu wa hifadhi ndio ubanwe. Pia wauza mkaa wa rejareja mna kitu ambacho kampuni za gesi zinakilipia hela nyingi: mnajulikana mtaani, mnakopesha, mpo mita hamsini kutoka kwa mteja. Kisado kikianza kupungua, banda hilohilo liuze gesi ya kupima kidogo kidogo, mkaa wa vifuu na pumba, likodishe presha kuka. Ningependa kuona mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 inaangalia watu kama ninyi.

#14 pugu_kinyamwezi

Taka mmesahau wakuu, sisi tunaoishi karibu na dampo tunaijua harufu.

#15 mkazi_wa_mabibo

Kweli, na ni fupi kuieleza. Taka za Dar nyingi ni maganda, mboga, mabaki ya chakula, zikirundikana bila hewa zinatoa methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 inapasha joto kama mara 28 ya hewa ukaa. Dampo la zamani la Mtoni liliwahi kufungwa mitambo ya kukusanya na kuchoma hiyo gesi, ulikuwa mradi wa kwanza wa biashara ya kaboni nchini. Kinondoni wana kiwanda cha mboji Mabwepande walichojengewa kwa ushirikiano na mji wa Hamburg, kinachukua taka za masokoni. Soko la Mabibo, Ilala na Kariakoo taka zake hazina plastiki nyingi zikitenganishwa palepale, zisifike Pugu kabisa.

#16 fundi_mita

Mleta mada nani sasa wa kumpelekea haya? Halmashauri ya Jiji la Dar yenyewe ilivunjwa Februari 2021, Ilala ndio ikapewa hadhi ya jiji, Kinondoni, Ubungo, Temeke na Kigamboni kila mmoja na lake. Umeme ni wizara, mwendokasi ni wakala, mkaa ni maliasili.

Halafu kuhusu mita, mimi nafunga sabmita, yaani mita ndogo ya kila chumba nyuma ya LUKU kuu, kwenye nyumba za wapangaji, zinasaidia kumaliza ugomvi. Ila wenye nyumba wengine wanakataa mita za ziada za shirika la umeme wakihofia kodi ya majengo itakatwa kwenye kila LUKU.

#17 mkazi_wa_mabibo

Fundi hilo la kodi ya majengo limenifungua macho, na ni kitu kinachorekebishika, kodi ni ya jengo, mita moja ikatwe nyingine ziachwe, itangazwe waziwazi mwenye nyumba aelewe.

Kuhusu nani, umesema kweli, hakuna meza moja ya Dar nzima. Kwa sasa ngazi ya mkoa ndio inayoweza kuwaita wote watano pamoja na watu wa umeme, wa mwendokasi na wa misitu. Nitaandika barua kwa ofisi ya mkoa na kwa madiwani wa kwetu kuhusu mambo mawili tu, kiwango cha unit 75 kwa kila familia ya mpangaji na mabomba ya gesi masokoni, sitajaza kumi. Anayetaka kuongeza saini anitumie ujumbe. Mama lishe wa Buguruni, dada yangu, nakuomba wewe hasa.

Swali kwa fundi: sabmita ya chumba ikifungwa leo, mpangaji wa Tandale anaweza kupikia presha kuka bila kesi?

#18 fundi_mita

Anaweza. Bei ya unit inabaki ileile ya juu, hiyo sabmita haibadilishi, lakini kila mtu anaona zake. Nusu unit ya maharage inasomeka pale, analipa chini ya mia mbili yake, basi. Muhimu waya wa chumba uwe mm 2.5 kwenda kwenye soketi ya jikoni, nyumba nyingi za kupanga wamevuta wa taa wa 1.5 mpaka kwenye soketi, huo nautoa kwanza ndio nafunga mita. Mpangaji wa Tandale ongea na mwenye nyumba, mkikubaliana niandikie.

#19 mpangaji_tandale

Nimemwonyesha uzi huu. Kasema vyumba vyote tukichangia gharama za fundi hana neno. Wanne tayari, bado wawili. Nakuandikia PM fundi.